Mama kwa Herufi Ndogo

Montepulciano, 4 Mei 1958

Mdogo wangu Nives,

Salamu kwako, kwa shemeji Learco, na kwa binti yenu Fiorenza, ambaye nasikia sasa anainama akipita mlango wa jikoni. Sisi hatujambo. Mgongo wa mume wangu Duilio ni ule ule: ukiwapo mzigo unauma, zikiwapo karata unapona. Mizabibu imechipua vizuri na mvua ya mawe bado haijatukumbuka.

Sasa jambo lenyewe. Mama anakuja kwako Jumamosi kunywa maji kwa ajili ya ini. Nilimwambia, "Mama, maji ya ini yapo Chianciano, hapo chini tu. Unakunywa asubuhi, jioni uko kwako unakula supu yako." Akanijibu, "Chianciano wananijua wote. Nianze kukimbilia choo mbele ya watu waliohudhuria harusi yangu?" Basi anavuka nusu ya Toskana ili akimbilie choo mbele ya wageni. Sawa.

Asinywe kahawa. Asilale dirisha likiwa wazi. Mwanga mkali unamsumbua macho tangu Krismasi. Arudi tarehe 25.

Wakati wa Pasaka padri mpya, yule wa Genova, alipanda darini kubariki nyumba. Alimkuta Mama anagonga kile kipipa cha vinsanto, divai yetu tamu, kwa kidole na kukisalimia. Nikabaki kumweleza mgeni mambo ambayo kwetu mtoto anazaliwa akiyajua: kwamba chini ya divai amekaa mama, yale mashapo mazito ya divai za zamani, kwamba divai ikitolewa yeye hatolewi, anamwagiwa maji mapya ya zabibu zilizokaushwa na kipipa kinafungwa tena kwa lakiri miaka saba, kwamba wa kwetu ametoka kwa bibi yake bibi, na bila yeye utapata maji matamu tu. Padri akacheka. "Kwa hiyo mna mama wawili?" Nikamwambia, "Ndiyo, Padri, na wote wawili hawataki kusogezwa."

Januari ijayo miaka saba inatimia. Mama amesema siku hiyo atamkabidhi mama kwa mkono wake, maana magoti yake yameichoka ngazi ile. Hakusema atamkabidhi nani. Nadhani hakuona haja. Ninayepanda ni mimi.

Ndiyo maana nakuomba uangalie uandishi wako. Katika kadi ya Pasaka uliniandikia "mbusu mama". Bibi alitufundisha sote wawili kwenye meza moja: herufi kubwa ni aliyetuzaa, herufi ndogo ni yule wa kipipa. Nilikaribia kupanda darini kubusu pipa.

La mwisho. Ndani ya kikapu chake nimeona chupa ya mdomo mpana, imevishwa soksi ya sufu ya marehemu Baba na kufungwa kamba. Nilipouliza mna nini, akasema, "Wewe Ersilia, hata angekuwa maiti kikapuni ungetaka kumhesabu meno." Niambie wewe mna nini.

Dada yako,
Ersilia


Montecatini Terme, 17 Mei 1958

Dada Ersilia,

Pokea salamu zetu sote. Nakuandikia nimesimama, nyumba yetu ya wageni imejaa na Learco jikoni anatukana sufuria. Fiorenza amepata mchumba, kijana wa posta. Usimwambie mtu mpaka nimwambie Learco.

Ungemwona Mama asubuhi ya kwanza pale chemchemi! Alivaa gauni la kanisani. Bendi ilikuwa inapiga kati ya zile nguzo kubwa, naye akamwuliza mhudumu, "Kafa nani?" Akapewa glasi. Akapiga funda moja, akamgeukia bibi mmoja wa Milano.

"Bibi, maji haya yana chumvi."

"Ndiyo, bibi, ni dawa."

"Kwetu chumvi tunaitia kwenye tambi."

"Utazoea, bibi. Mimi huu mwaka wa tisa."

"Miaka tisa na hujapona? Basi mwenye maji ndiye aliyepona."

Glasi ya pili hakuimaliza. Aliondoka kwa mwendo ambao sijauona tangu siku ng'ombe wa Baba alipokanyaga mzinga wa nyuki. Sasa wale mabibi wote wanataka kukaa meza yake. Jana mmoja alimchukua kwa msusi. Amerudi na mawimbi kichwani, anajitazama kwenye vijiko.

Lazima nikimbie, kengele inalia.

Wako,
Nives

N.B. Usiwe na wasiwasi juu ya mama. Alifika salama, safari haikumtikisa. Nimempandisha chumba cha juu kabisa, chini ya paa, penye giza. Joto la kule linamfaa. Naona ameikubali hewa ya huku. Ningependa awe hapa siku Fiorenza akiolewa.


Montepulciano, 1 Juni 1958

Nives,

Barua yako imefika. Hongera kwa Fiorenza. Hapa hakuna habari.

Tarehe 25 nilikwenda kituo cha basi. Alishuka mwalimu, akashuka fundi wa saa, akashuka mbuzi. Nilirudi na kikapu nilichokwenda nacho kumpokea mtu.

Nimeisoma N.B. yako mara kadhaa. Nikamsomea Duilio.

"Umesikia?" nikamwuliza.

"Nimesikia. Mama yako analala juu, giza, joto. Vizuri, si ana macho mabovu?"

"Ameandika kwa herufi ndogo."

"Ersilia, mdogo wako huandika hata jina la Papa kwa herufi ndogo."

"Chini ya paa, Duilio. Penye giza. Safari haikumtikisa. Nani husema hivyo juu ya mtu? Mtu anatikiswa na basi, atake asitake!"

"Basi mwandikie umwulize, mimi niache nile."

Ninakuuliza. Ni mama yupi uliyemweka chini ya paa? Ile chupa ina nini? Maswali mawili, Nives, na sitaki habari za msusi.

Ersilia


Montecatini Terme, 22 Juni 1958

Dada,

Salamu. Nisamehe kuchelewa, ni msimu. Learco ameambiwa habari za kijana wa posta. Alitukana sufuria siku mbili, sasa anampelekea keki.

Mama atakaa zaidi. Daktari wa maji amesema ini linaitika, na yeye mwenyewe hataki kuondoka. Asubuhi anakunywa, mchana analala, jioni anatembea chini ya miti na yule bibi wa Milano wakiwasema waume zao waliokufa. Anacheka, Ersilia. Wewe unakumbuka kucheka kwake? Mimi nilikuwa nimesahau. Huanza kama mtu anayepaliwa.

Juu ya chupa, mwulize mwenyewe akirudi. Kikapu cha mtu ni cha mtu.

Sikujua kama tunaandikiana ili unisahihishie herufi. Wewe walikupeleka sekondari kwa masista, mimi walinitoa darasa la tano kwa sababu fedha ilikuwa ya mmoja. Sikulalamika. Una nyumba, una shamba, una kisima, una kaburi la Baba la kupalilia. Siku ya Mtakatifu Martino ukifungua divai mpya majirani wanakuja kwako. Mimi nina watu wanaoniuliza choo kiko wapi. Asiyekuwepo na lake halipo. Nimelijua hilo tangu nilipoolewa. Lakini niachie Mama msimu mmoja. Mmoja tu, dada. Usimvute kama nguo kwenye kamba.

Nives


Montepulciano, 3 Agosti 1958

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwenu nyote, hasa kwa Mama. Mwambie paka amezaa. Mwambie maharage yamekubali, na nimepalilia kaburi la Baba, si kwa sababu ulilitaja.

Barua yako ya Juni niliipata. Mama akae kadiri apendavyo. Afya ndiyo kitu. Joto la mwaka huu si la kawaida. Duilio analala sakafuni kama mbwa.

Huko mnanunua wapi siki ya wageni? Nauliza tu. Na je, umewahi kusikia dari ikitoa harufu kali wakati wa joto? Duilio anasema ni panya. Mimi nadhani ni mikeka ya matete, nitaianika.

Zabibu nyeupe za kukausha zitakuwa nyingi mwaka huu.

Nakubusu,
Ersilia


Montecatini Terme, 14 Agosti 1958

Dada,

Salamu za kawaida ruka, nenda moja kwa moja.

Barua yako ilifika tukiwa mezani na nikamsomea Mama, maana miwani yake ilikuwa juu. Alifurahi juu ya paka. Alifurahi juu ya maharage. Nilipofika kwenye siki aliweka kijiko chini.

"Soma tena hapo."

Nikasoma.

"Na hapo pa dari."

Nikasoma.

"Amefungua," akasema.

"Amefungua nini, Mama?"

"Amefungua kipipa. Mwanangu yule anajua mikeka ya matete inavyonuka kuliko anavyojua nywele zake. Amefungua mwezi wa Julai, na joto hili, miezi sita kabla ya siku yake." Kisha akanitazama. "Wewe ulimwandikia nini?"

Nilimwambia juu ya chupa na juu ya herufi. Nilisema nami nilidhani chupa ile ni ya mama, nikaogopa kuuliza, nikaihifadhi kabati la chini, haiguswi, haitikiswi. Nilikuwa naipitia kila asubuhi.

Mama akaenda kabatini mwenyewe. Akavua soksi, akafungua, akamimina kwenye glasi, akanywa.

"Maji ya kisima chetu," akasema. "Nikishakunywa yale machungu ya hawa watu, nisukutue mdomo na nini? Yalikwisha wiki ya kwanza. Haya ni ya bomba, Learco alinijazia." Akaketi. Alianza kile kicheko chake cha kupaliwa, halafu hakikuwa kicheko. "Nimezaa wasichana wawili. Mmoja amevunja lakiri ya miaka saba kutafuta kitu ambacho hakijaondoka. Mwingine amelinda maji ya bomba miezi mitatu. Na wote wawili walikuwa na ulimi wa kuniuliza."

Nilitaka kuishia hapo, Ersilia. Mama ndiye aliyekataa. Alinyoosha kidole kwenye dari ya jikoni na kusema, "Mwandikie na kilichopo juu. Leo hii."

Juu, kwenye chumba kile anacholala, nyuma ya kitanda, pana kipipa kidogo kama kichwa cha mtoto. Ndani yake yumo mama. Mama alinipa kijiko kimoja siku nilipoolewa, ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, akanikataza kukwambia. Ni miaka ishirini. Kwenye vita nililala karibu naye. Nimemmwagia zabibu za kununua sokoni, na divai yake haijawahi kuwa kama ya kwenu hata siku moja. Lakini ina harufu ya dari yetu. Siku nikiwa na hamu ya kwetu, hupanda kunusa.

Kwa hiyo ile N.B. yangu sikuwa na hila, naapa. Ila umeniuliza ni mama yupi, na nimeisoma nakala iliyo kichwani mwangu mara nyingi, na sijui tena nilikuwa namsema yupi.

Nives


Montepulciano, 10 Septemba 1958

Nives,

Tumeanza kuvuna. Mgongo wa Duilio unauma.

Nilipanda darini mchana, baada ya kula, Duilio akiwa amelala. Nilikata lakiri kwa kisu cha kupogolea. Nilitia mwanzi mpaka chini, nikavuta, nikautazama dirishani. Mama alikuwapo. Mzito, mweusi, mzima, ananata kwenye mwanzi kama asali. Nilifurahi mno nikakaa sakafuni. Nilikuwa bado nimekaa pale nilipokumbuka ni Julai na mlango wa kipipa uko wazi.

Nilifunga kwa lakiri mpya. Wiki ya tatu harufu ilianza. Sasa ni siki, na mama amekufa ndani yake. Duilio anaiita siki ya wivu. Nimemwambia akirudia neno hilo atakula peke yake. Amelirudia, na anakula peke yake.

Sasa yako. Miaka ishirini! Nimemwosha Mama miguu, nimempandishia zabibu ngazi ile, nimetundika, nimegeuza, nimeng'oa zilizooza moja moja, na kila mwaka nilijiambia: Nives ana mtoto, Nives ana mji wenye bendi, lakini hiki ni changu. Mimi sijaitwa mama na mtu yeyote, Nives. Nilidhani angalau nitakuwa mtu anayemtunza mmoja. Kumbe ulikuwa naye tangu ukiwa na shela kichwani, kwenye chupa ya kikohozi.

Usinitumie. Sitaki kijiko chako. Zabibu za mwaka huu nitaziuza mbichi.

Mrudishe Mama. Herufi kubwa.

Ersilia


Montecatini Terme, 5 Oktoba 1958

Dada,

Salamu. Fiorenza anaolewa baada ya Pasaka.

Nilimwambia Mama umesema arudi. Nakuandikia alivyosema, neno kwa neno, na herufi nimeziangalia.

"Mwambie sirudishwi, mimi si sahani. Aje anichukue. Miaka ishirini mdogo wake yuko hapa, na yeye hajawahi kuona hata rangi ya mlango wake. Anaionea wivu nyumba asiyoijua. Aje, anywe glasi mbili asubuhi, kama wote. Akimaliza kukimbia ndipo tutazungumza."

Nikamwuliza, "Na ukisema hivyo halafu asije?"

"Atakuja. Zabibu hajaziuza."

"Umejuaje?"

"Ingekuwa ameziuza angekuandikia bei."

Mlango wangu ni wa kijani. Chumba cha mbele nimekiacha wazi. Njoo.

Nives


Montepulciano, 18 Januari 1959

Mdogo wangu Nives,

Salamu kwako, kwa Learco, kwa Fiorenza na kijana wake wa posta, ambaye mwambie barua yako ya mwisho ilichukua siku kumi na mimi sikusahau. Tuko wazima. Theluji imekaa kwenye paa tangu Jumanne. Duilio anakula nami tena.

Nimefika salama. Kwenye basi mwanamke mmoja aliniuliza nimebeba nini mapajani, mbona nimekumbatia soksi. Nikamwambia ni mama. Alihamia kiti cha nyuma.

Sikukwambia asante kituoni. Nilikuwa nimekasirika, na bado sijui vizuri kwa nani. Nilikuja nikiwa nimepanga maneno yangu kwa mpangilio, kama unavyonijua, ya kwanza hadi ya mwisho, na yale maji yenu yakayavuruga yote. Mtu hawezi kumshitaki ndugu yake kwa haki huku anauliza choo kiko wapi. Nikawasikia wewe na Mama mnacheka nje ya mlango, mmoja anapaliwa, mwingine anapaliwa vile vile. Sikujua kwamba unacheka kama yeye. Hilo nalo nililionea wivu, pale pale nilipokuwa nimeketi.

Sikukwambia pia kwamba asubuhi ile ya kuondoka, ulipokuwa sokoni, Mama alifungua kipipa chako akachota kwa kijiko cha mbao, yeye mwenyewe. Nikasema, "Mama, huyu ni wa Nives." Akasema, "Ni wa aliye naye. Nilimpa yeye kwa sababu alikuwa anaondoka. Nakupa wewe kwa sababu umekuja." Nikamwuliza kama angenipa Januari hii, lau nisingefungua. Akasema, "Ulikuwa unakaa naye, mpumbavu wewe. Ungepewa nini tena?"

Jana tumekamua. Nimesugua kipipa kwa maji ya moto mpaka harufu ya siki ikatoka, nikamweka mama, nikammwagia. Rangi ni nzuri. Lakiri nimepiga mihuri miwili badala ya mmoja, Duilio akiwa shahidi, na ufunguo wa dari anao yeye, kwa ombi langu. Itafunguliwa Januari 1966. Hapana mtu atakayepanda kabla ya hapo, na ninajisema mimi.

Nakutumia siki, chupa sita. Ni kali na tamu pamoja, na wageni wako watauliza imetoka wapi. Waambie imetoka juu mlimani, na usieleze ilivyotengenezwa.

Mama alipokataa kupanda basi nami, nilijifanya sielewi. Nilielewa. Kwako kuna joto, kuna yule bibi wa Milano majira ya kuchipua, kuna harusi. Magoti yake hayataki mlima wangu. Nimelala kitanda chake siku mbili hizi ili kisiote ukungu.

Basi tumegawana. Wewe unaye Mama. Mvalishe shali akitoka, na usimruhusu kahawa, najua unampa. Namtaka baada ya harusi, hata kama ni kwa wiki moja.

Na mama amefika salama, safari haikumtikisa. Nimempandisha juu kabisa, chini ya paa, penye giza. Huyu simrudishi.

Dada yako,
Ersilia